Karanga na wali mweupe: kipi kinamlisha mwanafunzi?



Kila mwisho wa mwezi, feza ya nyumbani ikichelewa, ninasikia wanafunzi wakisema: «Kalanga ni kitu ya kutafuna tu, chakula njo muchele.» Kwa kuwa nilisoma mambo ya lishe, leo napenda tupime maneno hayo kwa hesabu.

Grama 100 za wali mweupe ulioiva zina kalori 130 hivi, proteini grama 2,7, na mafuta karibu hakuna. Grama 100 za karanga zina kalori 567, proteini grama 26 hivi na mafuta grama 49. Mutu akisoma hapo tu, atasema karanga zimeshinda mara nne. Angoje kwanza! Katika zile grama 100 za wali, karibu 68 ni maji. Mchele mkavu, mbele ya kupikwa, una kalori 365 hivi.

Tena, hakuna anayekula vyote kwa kipimo kimoja. Tuchukue sahani ya wali ya grama 300: kalori 390, proteini grama 8. Tuchukue konzi ya karanga, grama 50: kalori 283, proteini grama 13. Kwa hiyo wali unajaza tumbo na kuleta nguvu, lakini ile konzi inapita sahani nzima kwa proteini, yaani kitu kinachojenga mwili. Mafuta mengi ya karanga ni ya aina isiyodhuru moyo, na nyuzinyuzi zake zinafanya njaa isirudi upesi.

Wali mweupe una shida ingine: wakati wa kuukoboa, vitamini B1 nyingi inaenda na pumba. Huko Java, miaka ya 1890, daktari Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe tu wakilegea miguu. Walipopewa mchele wenye pumba walipona. Mutu anayeshinda na wali mutupu siku kwa siku, afikiri juu ya kuku hao. Karanga zina B1 nyingi.

Je, tuache wali? Hapana. Kula karanga peke yake ni kujaza mafuta kupita kiasi. Na proteini za wali na za karanga zote mbili zina upungufu wa lisini. Maharagi njo yanayoziba pengo hilo.

Tena muangalie sokoni. Karanga zilizooza, zenye ukungu ao zilizobadilika rangi zinaweza kuwa na aflatoksini, sumu inayoharibu ini na kuleta kansa. Kuzikaanga hakuondoi sumu yote. Bei ikishuka sababu ya ukungu, hiyo si bahati, muziache. Na mwenye mwili unaokataa karanga asijaribu hata moja.

Basi, ukiwa na feza kidogo, usiongeze sahani ya pili ya wali. Punguza wali, weka maharagi, na sombe iliyotiwa karanga za kutwanga. Mama zetu walipika hivyo mbele sisi hatujasoma neno proteini.

Nyinyi wenzangu, huko munakosoma, munakula nini mwisho wa mwezi?