Maziwa hayaondoi vumbi la barabara kifuani

Kijana mmoja alikuja kliniki akiwa amekohoa kwa wiki sita. Kazi yake ni kukata zege kwa mashine katika mradi wa barabara hapa Dar es Salaam. Nilipomuuliza ametumia dawa gani, alinijibu bila wasiwasi: “Dokta, kila jioni nakunywa maziwa, vumbi linatoka lote.”

Jibu hilo nalisikia mara kwa mara, kwa mafundi, kwa wapiga rangi na kwa mama lishe wanaopika kando ya barabara inayojengwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hupita kwenye mrija wa chakula kwenda tumboni. Vumbi hupita njia ya hewa kwenda kwenye mapafu. Viwili hivyo havikutani.

Jiji letu limekuwa na ujenzi wa Serikali kwa miaka mingi. Mabasi yaendayo haraka yalianza safari kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, kisha ujenzi ukaelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Barabara hizi tunazihitaji. Lakini njia za mabasi hayo ni za zege, na zege likikatwa au kutobolewa likiwa kavu hutoa vumbi lenye madini ya silika.

Vumbi hufanya nini?

Chembe kubwa hunaswa puani, tukapenga zikatoka. Chembe ndogo, zenye upana wa chini ya maikromita 4, hufika hadi kwenye vifuko vya hewa. Unywele wa binadamu una takriban maikromita 70, kwa hiyo vumbi baya zaidi ni lile usiloliona.

Kwa mkazi au mfanyabiashara wa kando ya barabara, vumbi huwasha koo na macho, huamsha pumu na huwaumiza zaidi watoto, wazee na wenye ugonjwa wa moyo.

Kwa fundi anayevuta vumbi la silika kila siku, hatari ni kubwa zaidi. Silika huacha makovu kwenye mapafu, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuponya. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, wakati barabara imeshazinduliwa na mkandarasi ameshaondoka. Silika pia husababisha saratani ya mapafu na humrahisishia mtu kuugua kifua kikuu.

Kijana yule tulimpima makohozi, akakutwa na kifua kikuu. Alikuwa akilala chumba kimoja na mkewe na mtoto wao mdogo. Ameanza dawa za miezi sita, na familia yake tuliiita ipimwe. Wiki zote zile alizokunywa maziwa, wao walikuwa wakivuta hewa hiyohiyo.

Ufanye nini?

Kinga ya kwanza ni maji. Zege likatwe huku maji yakimwagika kwenye msumeno, na barabara ya vumbi imwagiliwe mara kwa mara. Pale inapobidi, fundi avae barakoa ya N95 inayobana vizuri usoni. Kitambaa au barakoa ya kawaida ya hospitali haizuii chembe hizi ndogo.

Fundi, usikung’ute nguo za kazi nyumbani. Badilisha na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Kama unavuta sigara, acha, kwani huongeza madhara.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kinga na kuhakikisha anapimwa afya. Kudai barakoa si ukorofi.

Mama lishe, funika chakula na, ukiweza, sogea mbali na upande unakoelekea upepo. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukipungua uzito, ukitoka jasho usiku au ukikohoa damu, nenda kituo cha afya na umweleze daktari kazi unayofanya. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya Serikali.

Maziwa endelea kunywa, yana faida zake. Ila kikohozi kipeleke hospitali.