Daraja la Nyasi

Katika milima ya Andes, nchini Peru, kuna daraja liitwalo Q'eswachaka, lililosukwa kwa nyasi juu ya mto Apurímac. Urefu wake ni karibu mita 30. Nyasi huoza, kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa Juni, watu wa vijiji vinne hulijenga upya pasipo mshahara. Kazi ya namna hii wenyewe huiita minka. Kila nyumba huleta kamba yake, na kamba hizo husukwa pamoja kuwa nene. Siku ya tatu kazi huisha. Ya nne ni ya ngoma.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwazuia, na Machi 2021 daraja likakatika. Juni hiyo hiyo wakalisimamisha tena. Daraja la magari lipo karibu, lakini hili ni lao. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.