Wala Nyasi na Wala Nyama: Tafakari juu ya Filamu ya Serpico

Katika filamu ya Serpico ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Sidney Lumet, Al Pacino aliigiza askari wa New York aliyekataa mgawo wa rushwa. Kisa ni cha kweli: Frank Serpico alipigwa risasi usoni Februari 1971, na mwaka huohuo akatoa ushahidi mbele ya Tume ya Knapp.

Tume hiyo iliwagawa askari wala rushwa mafungu mawili: wala nyama, waitafutao kwa nguvu, na wala nyasi, wapokeao tu kinachowajia. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru, kati ya wafugaji, twaielewa lugha hiyo bila mkalimani. Kiini cha tatizo, Tume iliona, ni wala nyasi, kwa kuwa wingi wao huifanya rushwa ionekane jambo la kawaida.

Hapo filamu yatugusa. Noti iliyokunjwa ndani ya leseni hutoka kwanza mkononi mwa dereva, naye huenda ni mwanajumuiya mwenzetu. Sheria yetu ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Yohane Mbatizaji aliwaagiza askari watosheke na mishahara yao (Lk 3:14). Sisi abiria, tunyamazao kiti cha nyuma kwa kuwa tumechelewa Misa, tungemwuliza nini?