Mfuko Mbadala Si Kitambaa

Kila nikipita sokoni Karatu naulizwa: hii mifuko ya kitambaa, iliyokuja baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, huoza baada ya muda gani? Swali lenyewe lina kosa. Mfuko huo ni plastiki, polipropilini.

Asili yake imo katika hataza za Paul Hogan, mkemia wa kampuni ya mafuta ya Phillips, Marekani. Juni 1951 yeye na mwenzake Robert Banks walikuwa wakijaribu kupata petroli kutokana na gesi ya propilini, mtambo ukazibwa na kitu kizito cheupe. Hataza yao namba 2,825,721 ya mwaka 1958 inaeleza kichocheo cha kromiamu walichotumia. Ile ya polipropilini yenyewe, namba 4,376,851, ilitoka 1983 baada ya miaka mingi ya mabishano na makampuni mengine. Inachodai ni molekuli za propilini zilizoungana kuwa kitu kigumu chenye fuwele. Hakuna pamba humo, wala katani.

“Mbona wangu niliuacha juani ukasagika?” Umesagika, haujaoza! Kuoza ni vijidudu kukila kitu hadi kibaki mboji, maji na hewa ya ukaa. Jua hukata minyororo ya polipropilini tu: mfuko unakuwa vipande, vipande vinakuwa vumbi, na vumbi hilo ni plastiki ileile, sasa haiokoteki tena. Upepo unalipeleka malishoni Ngorongoro, mvua inalishusha mashambani. Anayeufukia mfuko ili apate mbolea anaukinga na jua, basi unadumu zaidi. Na ng'ombe akiumeza, tumbo lake haliuyeyushi.

Utazame mfuko huo kwa karibu. Hauna mtande wala mshindio. Nyuzi zimetapakaa ovyo, zimegandishwa kwa joto kwenye vidoa vilivyobonyea. Uzi wa pamba ukiungua huacha majivu. Huu hunywea, huyeyuka, huganda kuwa tone gumu.

La kufanya? Ulio nao utumie tena na tena. Kataa mwepesi ulio chini ya gramu 70 kwa mita ya mraba. Usiuchome, usiufukie, ukianza kuchakaa upeleke kwenye taka kabla haujasagika. Ukinunua kipya, chukua kikapu cha ukindu au mfuko wa pamba halisi. Hivyo ndivyo vinavyooza.