Amri na Data katika Njia Moja: Lugha ya Modemu ya Faksi

Modemu ni chombo kinachogeuza tarakimu za kompyuta kuwa sauti ziwezazo kupita katika waya wa simu, na kuzirejesha kuwa tarakimu zifikapo upande wa pili. Modemu ya faksi huiwezesha kompyuta kupeleka kurasa kwenye mashine ya faksi iliyo mbali. Hata hivyo, kati ya kompyuta na modemu yake vitu viwili hupita katika njia moja: amri za kuiendesha modemu, na data za kupelekwa. Je, modemu hutambuaje kipi ni amri na kipi ni data?

Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa modemu iliyojibu swali hilo. Kabla simu haijaunganishwa, modemu husubiri amri, nazo huanza kwa herufi AT, yaani mwito wa kuitaka isikilize. ATDT ikifuatwa na namba hupiga simu, ATH huikata. Simu ikishaunganishwa, kila herufi huhesabiwa kuwa data. Ili kurudi kwenye amri, kompyuta hunyamaza sekunde moja, huandika +++, kisha hunyamaza sekunde moja tena.

Kimya hicho ndicho kiini cha mbinu. Alama +++ zaweza kutokea ndani ya barua yoyote, lakini ni nadra zitokee zikiwa na kimya mbele na nyuma. Mhandisi wa Hayes, Dale Heatherington, alipewa hataza ya mbinu hiyo mwaka 1985. Baadhi ya watengenezaji wengine, kwa kukwepa kuilipia, waliunda modemu zisizohitaji kimya. Matokeo yake, barua iliyokuwa na mstari +++ATH iliweza kukata simu ya aliyeipeleka.

Katika kazi ya faksi, sekunde moja ni muda mrefu mno. Mashine za faksi huzungumza kwa zamu zilizopimwa, na kimya kati ya baadhi ya hatua ni takriban milisekunde 75 tu. Kwa hiyo kanuni za Daraja la Kwanza, zilizotolewa Marekani mwaka 1990, zilifuata njia nyingine. Amri AT+FCLASS=1 huiingiza modemu katika hali ya faksi. Mashine zikishakubaliana juu ya mwendo, AT+FTM=96 huagiza ukurasa upelekwe kwa biti 9,600 kwa sekunde. Modemu hujibu CONNECT, na kompyuta huanza kumimina data za picha. Data zikiisha, kompyuta hupeleka baiti mbili, 16 kisha 3, na modemu hurudi kwenye amri.

Itakuwaje basi picha yenyewe ikiwa na 16 na 3? Kanuni ni rahisi: kila 16 iliyomo katika picha huandikwa mara mbili, na modemu huondoa moja. Hivyo 16, 3 ya picha huandikwa 16, 16, 3. Programu isiyofuata kanuni hii huukata ukurasa katikati. Mwanafunzi na ajaribu kuandika picha yenye 16, 16, 3. Atapata 16, 16, 16, 16, 3, isiyoweza kudhaniwa kuwa mwisho.

Modemu za faksi zimepungua sana, lakini amri za AT zingali zikitumika katika modemu za simu za mkononi. Popote amri na data zinapopita njia moja, sharti pawepo alama ya kuzitenga, na kanuni ya kuilinda alama hiyo.