Kuomba kwa Moyo Mmoja



Mara nyingi twasikia walimu na wazee wakisema: Kanisa limepoa. Watu huja, huimba, huketi, kisha hurudi nyumbani jinsi walivyokuja. Nasi twatafuta sababu yake: vijana hawasikii, mchungaji yu mbali, sadaka haitoshi. Katika hesabu hiyo yote, ni nani miongoni mwetu aliyejitaja mwenyewe?

Basi na tukumbuke mambo yaliyotokea Gahini, katika nchi ya Rwanda. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika huko kufanya kazi katika hospitali ya misioni, akakuta njaa kuu. Hata mwaka 1929 alikuwa amechoka mwili na roho. Akaenda Kampala, na huko Namirembe akaonana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda, aliyekuwa na kiu kama yake. Wakasoma Maandiko na kuomba pamoja muda wa siku mbili, Mzungu na Mwafrika mbele za Baba mmoja. Mtungi uliojaa haupokei maji. Hawa walikuja watupu, wakajazwa.

Lakini Gahini haikugeuka mara moja, kwa kuwa watumishi wa hospitali hawakupatana. Mwaka 1931 Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi, alikwenda kwa Nsibambi, akamweleza mabaya ya kazi ile. Nsibambi akamwelekeza aitazame dhambi iliyomo moyoni mwake yeye. Neno hilo lilimchoma. Kinuka akatubu, akarudi kazini mtu mwingine.

Mwisho wa mwaka 1933 Wakristo walikusanyika Gahini kuomba. Mmoja akasimama, akaungama dhambi zake. Akafuata wa pili, na wa tatu, hata saa mbili zikapita na zaidi. Katika miaka iliyofuata uamsho ule ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi na mwalimu wa Gahini, ambaye mwaka 1935 alijitenga juma zima ili aombe, alifariki Januari 1936. Lakini mwito wake wa kuwaamsha waliolala haukuzikwa pamoja naye.

Wasomaji wetu, kidole kimoja hakivunji chawa. Twahitaji kuomba pamoja. Lakini tutaombaje pamoja, nasi hatuamkiani njiani? Mwezi huu, kila nyumba na itenge saa moja ya jioni kwa maombi. Baba aliyemkosea mkewe amwombe radhi kwanza, watoto wakisikia. Mwalimu aliyekosana na mwenzake amwendee kabla ya kengele ya shule. Ndipo tupige magoti, tukikiri kwamba elimu yetu na bidii yetu haziwezi kumpa mtu uzima.

Tusiombe tena, Bwana, waamshe wale. Na tuombe, Bwana, uanze na sisi.

Neema yake iwe pamoja nanyi.