Mdundo wa Vita, kutoka Coventry hadi Mgagao

Mwaka 2014 ukumbi wa Belgrade mjini Coventry, Uingereza, ulionyesha Propaganda Swing, mchezo wa Peter Arnott unaotokana na kisa cha kweli. Serikali ya Hitler ilikuwa imeipiga marufuku jazi redioni tangu 1935, lakini vita ilipoanza wizara ya propaganda ya Goebbels ikajiundia bendi yake ya jazi. Lutz Templin aliiongoza, Karl Schwedler akaimba nyimbo za Kimarekani zilizogeuzwa maneno ili kumkejeli Churchill, na redio ikazirusha hadi Uingereza. Chambo kilikuwa mdundo, uongo uliudandia tu.

Kumcheka Goebbels ni rahisi. Mtihani huanza pale propaganda inapokuwa ya upande wetu, na kwa mtihani huo Nyanda za Juu Kusini zina kisa chao. Mgagao, mkoani Iringa, ilikuwa kambi ya ZANLA, wapiganaji wa ukombozi wa Zimbabwe, na barabara ya kwenda Zambia ilipita Mbeya na Tunduma. Makwaya ya wapiganaji wa ZANLA yaliimba ushindi na umoja, na kutoka Maputo Sauti ya Zimbabwe ikazirusha nyimbo zao hewani. Wenzao wa ANC ya Afrika Kusini walikuwa na kundi la Amandla, lililoongozwa na mpuliza tromboni Jonas Gwangwa, likichanganya jazi, ngoma na maigizo jukwaani huku likizunguka dunia kutafuta uungwaji mkono. Atakuwapo wa kusema kwamba hiyo si propaganda, maana walidai haki. Haki walikuwa nayo, tena wao waliimba walichokiamini, wakati Goebbels aliwalisha wengine muziki alioudharau. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo haki ya madai haiufanyi kila wimbo kuwa kweli. Mwaka 1975 maofisa vijana wa Mgagao waliandika tamko la kumkataa kiongozi wao, Ndabaningi Sithole. Mwaka uliofuata wapiganaji wa ZANLA na wale wa ZIPRA, jeshi lingine la ukombozi wa Zimbabwe, waliokuwa wameunganishwa katika jeshi moja, waliuana humo humo kambini. Umoja ulioimbwa ulikuwa na damu chini yake.

Kisa hicho nacho kinastahili mchezo, kama kile cha Coventry. Wapo watakaoona kwamba kuyatoa hayo jukwaani ni kuwavunjia heshima mashujaa. Ebrahim Hussein aliwahi kulijibu hilo mwaka 1969 kwa Kinjeketile, tamthilia yake kuhusu vita ya Majimaji: alionyesha neno la maji likiwaunganisha watu na likiwapeleka mbele ya risasi, na hakuna aliyewaheshimu wapiganaji hao pungufu kwa sababu hiyo. Mchezo wa Mgagao ungehitaji ujasiri uleule: kwaya imnyanyue mtazamaji kitini kwanza, ndipo aonyeshwe kilichofichwa. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1976 sasa anakaribia sabini au ameshaivuka. Wenye kalamu wa Iringa na Mbeya, wahini wazee hao.